Sawa Si Jibu

Binamu yangu anasomea urubani pale Wilson, na jioni akirudi hufanya mazoezi sebuleni kwa shosho, huku Karen. Ukisikia Karen usifikirie mageti na farasi. Kwetu ni nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanja cha mtu mwingine. Babu alikuwa mtunza bustani hapo tangu miaka ya sabini, na alipokufa mwenye kiwanja akamwachia mjane wake aendelee kuishi. Asubuhi ndege ndogo hupita juu ya mabati yetu zikielekea Ngong, na shosho husema, bila kuinua kichwa, "Wameenda Mara hao."

Kwenye mazoezi, binamu yangu anakaa kwenye kiti cha plastiki na mwiko ndio usukani. Mimi ndiye mnara. Siku ya kwanza alinieleza kwa ile sauti yake ya hewani kwamba yuko kwenye barabara ya ndege, tayari kuondoka. Nikajibu, "Sawa, twende."

Akanirushia mto.

"Sawa si jibu," akasema. "Sawa nini? Sawa umenisikia, sawa niruke, ama sawa ningoje?"

Nilicheka sana. Lakini lile swali lilinikaa, na imenichukua muda kukubali ni kwa nini. Nitafika hapo.

Kwanza, jinsi kitabu kinavyosema. Wengi wetu tunajua "Roger" kutoka kwa filamu na tunadhani maana yake ni ndiyo. La. Maana yake ni "nimepokea ujumbe wako wote wa mwisho", basi. Haisemi umekubali, haisemi utafanya. Ndiyo ina neno lake, "Affirm". "Nimeelewa na nitafanya" ina lake, "Wilco". Na mambo mazito, kama ruhusa ya kuingia barabara ya ndege, kuruka, kutua, kimo cha kupanda au kushuka, hayatoshelezwi na neno lolote kati ya hayo. Unayarudia jinsi ulivyoyasikia, pamoja na jina la ndege yako, ili mnara usikie kile ulichosikia. Kama umesikia vibaya, hapo ndipo utakapokamatwa.

Hewani, anasema binamu yangu, mambo huenda vingine. Kuna rubani mzoefu anayebonyeza kitufe cha maiki mara mbili, tk-tk, badala ya kujibu. Kuna anayemeza nusu ya jina la ndege yake. Kuna anayetupa maneno ya sinema za kivita za Marekani. Kuna yule anayeuliza hewani kama kuna ndege yoyote karibu ijitambulishe: swali linalomwendea kila mtu, na hakuna anayejua nani ajibu kwanza. Halafu kuna mwanafunzi, sauti ikitetemeka, anayesema kila neno kama lilivyoandikwa. Huyo ndiye anayechekwa baadaye wakinywa chai. Mtu wa vitabu. Mshamba.

Aliponiambia hivyo nikashika mara moja. Hiyo ni Sheng.

Naipenda Sheng na siko hapa kuikashifu. Lakini tuseme ukweli kuhusu kazi yake. Ukisema finje, soo, rwabe, thao, hujataja pesa tu; umejua pia nani ni wa mtaa na nani amekuja mjini jana. Ndiyo maana hubadilika kila baada ya miaka michache. Mzazi akishaielewa, tunahama. Vivyo hivyo kwa lugha ya mkato ya marubani: haielezi vizuri zaidi, inaonyesha tu kwamba aliyeisema amekuwa hapo siku nyingi.

Shida ni kwamba mtaani unachagua unayeongea naye. Redioni huchagui. Masafa ni moja na kila mtu yumo: ndege ya watalii, ndege ya miraa inayoenda Somalia, daktari wa AMREF anayekimbilia mgonjwa, helikopta ya polisi, na mwanafunzi mwenye saa kumi na mbili za kuruka. Wote wanajenga picha ya anga kwa masikio. Rubani anapomwambia mwongozaji yuko wapi, anamwambia pia yule mwanafunzi aliye nyuma yake, ambaye hamjui na hatamjua. Ukisema kwa kifumbo, mwenzako mzoefu atakuelewa. Huyo mwingine ndiye umemwacha gizani.

Na anga ya Wilson ni ndogo. Tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 ya abiria iliyokuwa ikienda Diani iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya Mbuga ya Nairobi, muda mfupi baada ya Dash 8 kuondoka Wilson. Dash 8 ilirudi salama na watu wake 44. Waliokuwa kwenye Cessna, mwalimu na mwanafunzi, walikufa. Sisemi kilichowaua ni maneno. Nasema tu kwamba siku hiyo binamu yangu hakula chochote, na tangu hapo sijamsikia akimcheka mtu wa vitabu.

Hata makanga anajua hili. Anaweza kupiga porojo na dereva kutoka Karen hadi mjini, Sheng nzito kabisa, lakini mama akiwa na mguu mmoja chini na mwingine ndani, makanga hasemi kitu. Anagonga bodi. Ule mgongo wa kusimama na ule wa kuondoka, dereva hawezi kuuchanganya, hata kama ameanza kazi leo asubuhi. Pale maisha ya mtu yanapoingia, Sheng inakaa kando.

Mfano ambao kila mwanafunzi wa urubani hufundishwa ni wa Tenerife, kwenye visiwa vya Kanari. Ilikuwa 27 Machi 1977, ukungu mzito, Boeing 747 mbili kwenye barabara moja ya ndege, ya KLM na ya Pan Am. Rubani msaidizi wa KLM alisema maneno ambayo hayamo kwenye kitabu chochote: kwamba "sasa wako kwenye kuruka". Je, alimaanisha wako tayari kuruka, au wameshaanza? Mwongozaji aliyasikia kwa njia ya kwanza, akajibu "OK". Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwamba wangoje, atawaita. Lakini wakati huo huo Pan Am nao walikuwa wakisema bado wako barabarani, na sauti mbili zikipandana kwenye masafa hayo, kinachosikika ni mlio tu. Ndani ya KLM ile "OK" ilifika safi. Yaliyofuata hayakufika vizuri. Mhandisi wa ndege akauliza kama Pan Am wameshatoka. Kapteni akasema ndiyo. Watu 583 walikufa.

Kapteni alikuwa na makosa mengine; alianza kuondoka bila ruhusa. Ila tazama lile neno dogo. "OK" ya mwongozaji haikuwa uongo wala uzembe. Ilikuwa adabu, ile sauti tunayotoa mtu akiongea ili ajue tupo. Ni "sawa" yetu. Na kwa sababu haikuwa na maana maalum, kapteni mwenye haraka aliijaza maana aliyoitaka. Baada ya ajali hiyo, sheria za redio zilibanwa hadi neno lenyewe la kuruka likawekewa mpaka: hulisikii isipokuwa unaporuhusiwa kuruka au ruhusa hiyo inapofutwa. Mengine yote ni "kuondoka".

Kuna mfano wa nyumbani pia, na huu unatisha kwa sababu ndani yake hakuna aliyeongea ovyo. Tarehe 3 Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikishuka kuja Embakasi. Mwongozaji aliipa kimo cha futi 7,500, tarakimu moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Ndani ya ndege ikasikika tano, sifuri, sifuri, sifuri. Uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo walikuwa wanashuka kwenda mahali palipo chini ya ardhi. Kosa likapita redioni bila kukamatwa. Marubani walipoiona ardhi wakaivuta ndege juu, na ilikuwa imebakiza futi zipatazo 70, urefu wa jengo la ghorofa sita hivi. Hakuna aliyekufa, ndiyo maana wengi wetu hatujawahi kusikia habari hiyo.

Kutoka hapo najifunza kwamba maneno sahihi peke yake hayatoshi. Sikio husikia linachotarajia. Ndiyo sababu kurudia ni zaidi ya utaratibu. Ni kumwambia mwenzako: hivi ndivyo nilivyokuelewa, nisahihishe kabla sijatenda. Na yeye naye ana deni la kusikiliza kweli, asiitikie tu.

Sasa nifike pale nilipoahidi.

Miaka mitatu iliyopita shosho alikuwa akingoja upasuaji wa macho. Nambari ya simu waliyoandikisha ilikuwa yangu. Siku moja nikiwa kazini nikapigiwa: nafasi imepatikana, Alhamisi, seven. Nikasema, "Sawa." Nikamtumia mamangu ujumbe wa sauti nikitembea: "Ni Alhamisi, saba." Mamangu alilelewa Machakos, na kwake saba ni saa saba, jua la utosi. Alhamisi akamfikisha shosho kliniki saa sita, akijisifu kwamba wamewahi. Daktari alikuwa ameshaondoka. Walikuwa wametarajiwa saa moja asubuhi.

Hii ndiyo Nairobi yetu. Tunaishi na saa mbili zilizopishana kwa masaa sita, na tunaruka kutoka moja hadi nyingine katikati ya sentensi bila kutoa ishara. Marubani walishaona hatari hiyo, wakakubaliana dunia nzima kutumia saa moja, ya Greenwich, iliyo nyuma ya Nairobi kwa masaa matatu. Wanaiita Zulu. Mimi sikuhitaji Zulu. Nilihitaji kusema, "Saa moja asubuhi, sivyo?" Maneno manne.

Nafasi nyingine ilipatikana baada ya wiki tisa. Jicho la kulia lilipona. La kushoto halikurudi. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa umeenda mbali na huenda lisingerudi hata kwa ile Alhamisi ya kwanza. Huenda. Nimelibeba neno hilo tangu siku hiyo.

Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu hakuna aliyejua. Mamangu aliamini kliniki ilibadilisha saa bila kusema, kama wanavyofanya. Shosho aliamini ni mpango wa Mungu. Nami niliwaacha waamini hivyo.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba suala la maneno ya redio ni la kiufundi tu, siwezi kukubali. Kwangu ni swali la maadili, na linahusu kile tunachodaiwa na mtu ambaye atatenda kwa kutegemea neno letu.

Hata hivyo upande wa pili una hoja, na si za kupuuza.

Hoja ya kwanza ni utu. Sisi tumelelewa kusalimiana kabla ya shughuli. Mtu akikuingilia na maagizo bila habari yako, tunasema hana adabu. Binamu yangu anasema hata marubani wageni wakiingia anga yetu hutupa "jambo" na kuondoka kwa "asante sana", na waongozaji hujibu. Kitabu hakina hayo. Je, tuyafute?

Mimi nasema la, na sababu yake ndiyo imenisaidia kuelewa jambo zima. "Habari ya asubuhi" haibebi ruhusa. Hakuna atakayeisikia vibaya akaingia barabara ya ndege. Masafa yakiwa kimya, salamu haimgharimu mtu. Yakiwa yamejaa, binadamu mwenye akili ataifupisha mwenyewe, jinsi unavyompungia jirani mkono ukikimbilia matatu. Neno la hatari ni lile linalofanana na makubaliano bila kuwa makubaliano. "Asante" haijawahi kunitia wasiwasi. Ninayoiogopa ni "sawa".

Hoja ya pili ni nguvu. Nani aliamua maneno haya, na kwa nini ni ya Kiingereza? Mswahili anajua uchungu wa kusanifishiwa lugha. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa, mjini mwao wenye Kimvita, ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na malalamiko hayajaisha hadi leo. Usanifu huwa na mshindi.

Lakini angalia lugha ya redio kwa makini, uone imemfanyia nini mwenye Kiingereza chake. Tatu anatakiwa aitamke "tree", tano aitamke "fife", tisa aitamke "niner" ili isifanane na tano. Anavunjwa ulimi kama sisi. Ni lugha ndogo ya maneno machache ambayo Mhabeshi, Mchina na mtu wa Garissa wanaweza kuimudu sawa na mtu wa London. Anayeivunja kwa mbwembwe mara nyingi ni yule aliyezaliwa na Kiingereza au aliyekizoea sana, kwa sababu kinamtiririka. Kwa hiyo hapa sanifu inamlinda mgeni, na mkato unamlinda mwenyeji.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu zaidi. Kuna wakati maneno ya kitabu hayatoshi. Tarehe 15 Januari 2009, ndege iliyopoteza injini zote mbili juu ya New York ilipewa uwanja wa kutua. Kapteni akajibu kwa neno la kitabu kwamba haiwezekani, kisha akasema kwa lugha ya kila mtu kwamba wataishia kwenye Mto Hudson. Watu wote 155 walipona. Hakuna kitabu kilichoandika sentensi ile. Kwa upande mwingine, tarehe 25 Januari 1990, marubani wa Avianca waliokuwa wakiishiwa mafuta karibu na mji huo huo waliomba "kipaumbele". Walisema mafuta yanaisha, lakini hawakutangaza dharura. Mnara ukawahudumia kama wengine wenye haraka. Watu 73 walikufa.

Mfano huu wa Avianca unanigusa kwa sababu naujua unyenyekevu ule. Ni wa kwetu kabisa. Mgonjwa anamwambia daktari "niko sawa tu, ila kifua kidogo". Mfanyakazi wa nyumba hajalipwa miezi miwili na anamwambia mwajiri "hakuna shida". Hatutaki kuwasumbua watu. Basi tunachagua neno laini, na mwenye kusikiliza, ambaye ana mambo yake mengi, analichukua kwa ulaini wake.

Kwa hiyo simtetei mtu wa vitabu kwa sababu anatii. Mtu anaweza kukariri kitabu kizima na bado asisikilize. Namtetea kwa sababu anakubali kuonekana mshamba ili asiyemjua awe salama. Na yule wa Hudson, alipotoka nje ya kitabu, alitoka kwa sababu hiyo hiyo: ili asikike bila shaka. Ukitaka kujua kama mkato wako ni halali, jiulize unamfaa nani. Kama unamfaa mwenye kusikia, endelea. Kama unakufanya wewe uonekane mzoefu, rudi kwenye kitabu.

Jumapili iliyopita binamu yangu alikuwa Wilson na mimi nikabaki na shosho. Alikuwa akichambua sukuma, bakuli limesogezwa upande wa jicho linaloona. Nikamwambia. Sikuipamba. Nilisema nilipigiwa simu, wakaniambia saa moja asubuhi kwa Kiingereza, nikasema sawa bila kuuliza, nikampa mamangu saa isiyo sahihi, na kliniki haikubadilisha chochote.

Alinyamaza, akavunja shina moja, akaliweka kando.

"Ngoja nikuelewe," akasema. "Walikwambia saa moja."

"Ndiyo."

"Wewe ukaambia mamako saba."

"Ndiyo."

"Na umekaa nayo miaka mitatu."

"Ndiyo, shosho."

Alitikisa kichwa polepole. Sikujua kama ni hasira au ni huruma, na kwa mara ya kwanza sikujaza kile kimya kwa maana niliyoitaka mimi. Nilingoja. Ndege ilipita juu ya mabati, chini kidogo kuliko kawaida, na wala hakusema imeenda wapi.